Chini ya Ngazi

Piano ya kwanza ilikuwa ya mjane wa stesheni,
hapa Daugavpils, mwaka theluji ilipofika madirishani.
Niliandika daftarini: noti ya la imelegea,
panya amekula sufi ya nyundo tatu,
mama mwenyewe hacheki.
Tangu hapo madaftari ishirini na mawili,
piano elfu moja mia moja na arobaini,
na masikio yangu yamestaafu kabla ya mikono.

"Yaweke mtandaoni, babu," akasema Elza,
ana miaka kumi na sita na jibu la kila kitu.
"Nani atayasoma?"
"Hilo si lako. Lako ni kuchagua pa kuyaweka."

Akanichorea nyumba tatu nyuma ya risiti ya duka.
Ya kwanza ya bure: unaingia na viatu vyako,
kuta zimeshapakwa rangi,
ila mwenye nyumba atabandika tangazo la magodoro
juu ya kitanda chako, na siku akiamua kubomoa
hukuti hata mlango wa kubisha.
Ya pili ya kupanga, euro nne kwa mwezi,
kona ndani ya ghala la mashine huko Helsinki,
lina walinzi, lina baridi yake, umeme haukatiki.
Ya tatu aliichora mwisho, ndogo kama kiberiti:
kikompyuta cha bei ya viatu vyangu vya baridi,
kikae chini ya ngazi, kando ya matango ya siki.
"Hapo mwenyeji ni wewe.
Kikizima, umezima wewe."

Risiti ile nilikaa nayo juma zima.
Maisha yangu nimeyaishi katika sebule za watu,
kofia magotini, nikingoja chai ipoe,
nikitengeneza kisicho changu
ili kiimbe nikishaondoka.
Kupanga nakujua. Nimepanga vyumba vinne,
nimepanga nyuzi mia mbili na ushei za kila piano,
na sijawahi kufukuzwa na uzi.

Nikasema: chini ya ngazi.

Kumbe na jina la mlangoni hukodishwa,
euro kumi na moja kila mwaka.
"Hata jina?"
"Hata jina, babu."
Nikacheka hadi nikakohoa.

Mashine inavuma. Elza haisikii.
Mimi naisikia, hata kwa masikio haya:
si bemoli, imeshuka kidogo,
na sina ufunguo wa kuikaza.
Tangu Januari, kila usiku piano moja.
Hesabu ya wageni: wawili.
Elza, na mimi nikihakikisha kama ipo.

Novemba dhoruba ikaangusha nguzo,
siku tatu giza, mshumaa na viazi.
Umeme uliporudi, barua ilikuwa inaningoja,
kutoka Rēzekne, kwa Skaidrīte Vanaga:
"Nilikuwa nimefika ya mia tatu na sita.
Ya mama yangu haiwezi kuwa mbali,
ulikuja kwetu masika, ukasahau glavu moja.
Mbona mmefunga?"

Mmefunga, amesema. Kana kwamba tuko wengi humu.

Nikashuka na tochi, nikasogeza mitungi ya matango
mashine ipate kupumua.
Kisha nikalitafuta daftari la saba.
Mia tatu na kumi na moja. Mwandiko wangu, wino wa buluu:
ubao wa sauti umepasuka, haiponi.
Nimemwambia mama ni nzima.
Binti alikuwa mlangoni, anasikiliza.

Nne zimebaki kabla ya hiyo.
Usiku huu nimeandika moja, polepole kuliko kawaida,
nikaongeza habari za sahani na mapazia
ambazo hakuna aliyeziuliza.
Elza ameita kutoka juu, mbona silali.
Glavu ile naikumbuka. Ilikuwa ya kushoto.