Hajabisha Hodi

Bwana Thuwaini, umepiga simu mara nne tangu alfajiri.
Lori limeshalipiwa, unasema,
dereva yuko Sahalnawt toka jana,
na mazizi ya Barka yamefagiwa, mabirika yamejaa maji.
Nimekusikia. Sasa nisikilize na mimi.

Mitamba wako ishirini na sita niliwatia mbegu
kwa mkono huu wa kushoto, glavu hadi begani,
Jumapili, kharifu ikinyunyiza juu ya mabati
kama mtu anayepepeta mchele na hataki kuumaliza.
Bakhit alishika mikia. Mimi nilihesabu kwa Kiswahili,
maana Kiarabu changu ni cha karatasi na cha kuombea ruhusa;
hesabu nilifunzwa jikoni, na mama, mtu wa Wete,
aliyehesabu hata mapigo ya mchi.

Nilikwambia siku ile ile: wapakie.
Leo, kesho, ikizidi sana Alhamisi.
Mpaka siku ya nne njia iko wazi,
kilichomo bado kimejikunja mrijani,
hakina habari na lori wala matuta.
Ukasema una harusi Nizwa.
Hongera. Harusi imekwisha.
Leo ni siku ya tisa.

Na leo ndani ya mtamba kuna msafiri wa pili.
Ameshaingia mjini,
mji wa mimba, nao ni mji kama miji mingine,
anazunguka, hajui mtaa wake,
hana godoro, hana ufunguo, hajabisha hodi.
Ni mdogo kuliko punje ya chumvi.
Siku ya kumi na sita hivi atanong'ona,
na mama asipousikia ule mnong'ono
atafungua mlango wa nyuma amtoe,
bila ubaya,
bila kujua kwamba palikuwa na mtu.

Utausikiaje mnong'ono, bwana,
kilomita elfu, Thumrait, Haima, Adam,
saa kumi na nne umesimama,
bati linawaka, kiu, breki,
mwenzio amekukanyaga kwato?

Mwaka jana nilinyamaza, nikaacha wapakiwe siku ya kumi na mbili.
Hapakuwa na damu. Hapakuwa na kilio.
Wiki iliyofuata wakaanza kupandana zizini
kama wasichana wanaocheza.
Kumi na mmoja kati ya kumi na tisa.
Nikaandika *tupu*, *tupu*, kwa wino mwekundu,
na mkono ulikuwa huu huu.

Mama alipomzaa mdogo wetu
bibi alimfungia ndani arobaini,
mchuzi wa pilipili manga, tumbo limekazwa kwa kanga,
hata kibarazani hakufika.
Arobaini zetu huja baada. Za ng'ombe huja kabla.
Mimi tofauti nyingine siioni.

Dereva wako, Murad Bakhsh, ameingia ofisini
na chai yake ya maziwa. Hakugomba.
Ameitazama kalenda ukutani, ameuliza mpaka lini,
nikamwonyesha: mwezi wa tisa,
ukungu ukishapanda, majani yakianza kukauka,
nikishaingiza mkono nikapapasa na kukuta mtu kweli.
Amehesabu kwa vidole, kwa Kibaluchi,
akatikisa kichwa.
"Basi nitapakia vitunguu," amesema.
"Vitunguu havina mimba."

Kwa hiyo lori limeondoka, na gharama yake ni yako,
nidai mahakamani ukipenda.
Nipigie siku ya arobaini na tano.
Au usinipigie, nitapiga mimi,
na tutawapakia usiku, kwa baridi, taratibu,
kila mmoja na abiria wake aliyekwisha kupanga chumba.

Hapa sasa hivi mvua ni ile ile.
Namba mia tatu kumi na saba amelala, anacheua.
Bakhit anafunga lango.
Ameviringisha kitambaa kwenye komeo
lisigonge.