Sarafu Yenye Tundu

Lifti ya jengo letu hapa Rustavi inakula sarafu.
Tetri kumi kupanda. Kushuka ni bure,
kama kulivyo kushuka kokote.

Mimi nilipanda kwa miguu.
Ngazi mia na ishirini na sita hadi ghorofa ya saba,
Sandro begani, unga wa tanuri kwenye kope,
nikipiga hesabu: kumi mchana, kumi usiku,
mara siku thelathini,
ni viatu vya mtumba kabla theluji haijaanguka.
Gela alikuwa Poland, akipakia majokofu.
Nilipompigia mara ya mwisho alipokea mwanamke,
akaniuliza kwa upole mimi ni nani.

Wewe nilikujua kwa fimbo tu.
Mtoto akilia unagonga bomba la maji moto,
ngo, ngo, ngo, kutoka ya nane.
Nami ninajibu kwa kijiko, kwa hasira.
Vuli nzima hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu.

Hadi jioni ile ulipochungulia ngazini,
kichwa cheupe, sauti ya msumeno:
"Wewe wa saba! Unapanda kama mtu aliyebeba jeneza.
Mapafu yangu yanachoka kwa niaba yako."
Ukarusha kitu, kikalia kwenye saruji:
sarafu iliyotobolewa, imefungwa mshipi wa kuvulia samaki.
"Itumbukize. Ukisikia tk, ivute."
Nikasema, huo ni wizi.
Ukasema, "Lifti hii nilianza kuilipa ilipokuwa bure."

Hatukuwa marafiki bado.
Tulikuwa washirika wa uhalifu.

Nikawa nakuletea shoti, mkate ulioungua ncha
ambao mwajiri hauzi.
Ulilalamikia chumvi. Ulikula wote.
Nikajua jina lako, Zhuzhuna; nikajua magoti yako;
nikajua kwamba miaka thelathini na mmoja
uliendesha kreni kiwandani,
umekaa peke yako hewani
na chini yako ndoo ya chuma kilichoyeyuka
ikipita kama jua lililofungwa kamba.
Na kwamba miaka minne hujakanyaga chini,
si kwa sababu ya magoti.
"Kule juu nilikuwa naona," ulisema.
"Humo ndani ya sanduku, naona nini?"
Nilicheka. Hukucheka.
Kesho yake sikufunguliwa mlango.

Kisha Februari, umeme ukakatika
nami nimo sandukuni, kati ya tano na sita,
Sandro ana homa, simu imezima,
giza limejaa hadi kinywani.
Nilipiga kelele mpaka nikaaibika.
Nikasikia fimbo. Si kwenye bomba. Kwenye ngazi.
Ngo. Kimya kirefu. Ngo.
Sijui ulishuka kwa muda gani.
Ulikaa upande wa pili wa bati, ukihema,
ukaanza kunifundisha kazi ambayo haipo tena:
jinsi ya kuinua tani themanini.
"Kwanza mnyororo ukaze. Usivute. Ngoja.
Ndoo haimpendi mwenye haraka.
Ikiyumba, usipigane nayo, ifuate,
itachoka kabla yako."
Sandro akalala katikati ya maelezo ya breki.

Taa ziliporudi mlango ulifunguka ghorofa ya sita,
nawe hapo, na gauni la kulalia, na koti la marehemu,
magoti yamegoma kabisa.
Ghorofa mbili juu yetu. Njia moja.
Uliitazama lifti kama mtu atazamavyo mbwa aliyewahi kumng'ata.
Kisha ukaingia.

Ulinishika mkono, kucha zikazama.
"Usivute," ulininong'oneza. "Kwanza mnyororo ukaze."
Nikatumbukiza. Tk.
Nikavuta, na mshipi ukakatika,
sarafu ikaanguka, tukaisikia
ikibiringika mbali ndani ya tumbo la mashine.

Tulipofika ya nane ulifungua macho.
"Basi," ukasema, "wametupata. Tumelipa."