Kihenge

Lori lilipiga honi saa kumi na mbili asubuhi
na mtaa mzima wa Mahanoy City ukajua
yule Mtanzania wa nyumba ya kona
ameagiza makaa tani mbili
na hana pa kuyaweka.

Dereva akauliza: njegere, au mchele?
Nikacheka peke yangu kibarazani.
Huku makaa ya mawe yana majina ya chakula,
yapo ya yai, yapo ya kokwa, yapo ya njegere,
na jiko langu, kwa meno yake madogo, hula mchele tu.
Mchele mweusi, unaong'aa, usiopetwa,
ambao ukiiva huwa majivu.

Mama alinunua makaa kwa kopo,
kopo la rangi lililobonyea, pale Tabora,
akayaficha uvunguni,
na mvua ikinyesha tulilala juu ya moto wa kesho.
Tani sikufundishwa.

Nilianza na nilichokuwa nacho:
beseni la kuogea lililong'olewa,
ndoo saba za matango ya siki
kutoka jikoni kwa wazee ninaowalea zamu ya usiku,
hata sanduku nililoshuka nalo kwenye ndege
(magurudumu yakapasuka).
Yaliyobaki nikayazungushia paleti nne
za nyuma ya duka la vyuma, nikafunga kwa kamba ya manila,
nikajisifu.

Usiku wa tatu nyumba ikakohoa.
Nikashuka na mwiko mkononi, nikidhani mwizi.
Ukuta wangu ulikuwa umelala kifudifudi
na makaa yamejimwaga hadi ngazi ya pili,
kimya, kama ng'ombe waliovunja zizi
wasijue waende wapi.

Leonard Yurkonis, jirani, miaka themanini na mmoja,
alisimama juu ya ngazi na tochi. Pole hakunipa.
"Makaa hayakai," alisema. "Yanaegemea.
Wewe umeyajengea kana kwamba yamelala."
Baba yake aliyachimba, yeye aliyauza,
binti yake yuko Arizona, ambako hakuna anayeyataka.

Akarudi na milango mitano, ya kwake, ya vyumbani.
"Naishi peke yangu. Namfungia nani?"

Tukaisimamisha: miwili huku, miwili kule, mmoja nyuma.
Vitasa hatukuving'oa.
Katikati tukapitisha mnyororo wa mbwa aliyekufa zamani,
ubavu hadi ubavu, tukakaza mpaka mbao zikalia.
Mbele, vibao vya kuchomeka kimoja juu ya kingine,
ili unapochota uanze na cha juu,
na kihenge kishuke pamoja nawe.
Siku mbili za koleo. Kikajaa hadi fremu.
Nilitema weusi hadi Jumapili.

Bandu bandu, ndivyo tani zinavyokwisha.
Ndoo mbili alfajiri nikitoka zamu, ndoo mbili jioni.

Februari, kwenye mlango wa nyuma,
vumbi lilikuwa limeingia katika mikwaruzo
iliyofichwa na rangi nyeupe miaka yote hiyo:
mistari mifupi, ya msumari.
Wa juu kabisa: Adela, kumi na sita.
Nikatoa kibao. Adela, kumi na tatu.
Machi akawa na tisa.
Theluji ile nzito, iliyofunga barabara siku nne,
ilimla miaka miwili.

Leonard alikuja kukagua mnyororo.
Akaugonga kwa kidole, akasikiliza,
akainua macho kwenye mlango
na kubaki hapo.
"Agiza mengine," alisema.
"Tani moja. Usingoje yafike chini."
Kisha akauliza kama nina chai.

Leo tarehe tatu Aprili. Nje ni mvua, si theluji tena.
Lori halijafika. Jiko linafoka kwa njaa.
Vibao vimebaki vitatu,
nimeshika koleo,
na Adela ana miaka minne.