Kipande cha Kumi na Saba

Usiku mashine inalia kama mbu aliyeridhika.
Karakana yangu iko Kariobangi, nyuma ya wauza vyuma.
Inatema uzi mweusi, tabaka juu ya tabaka,
kama mama alivyosuka kiondo kule Mwala,
akianzia kitakoni, akizunguka,
akizunguka, hana haraka na mdomo wa kiondo.

Nimekalia ndoo, naitazama.
Bado saa tisa. Tokeni zimebaki uniti nne.

Cha kwanza kilipasuka nikikaza skrubu.
Cha nne kilitoka kimejikunja kama sikio.
Cha tisa kilikuwa kizuri, kizuri hata nikakipiga picha,
nikakiacha mezani, chini ya mabati, Jumapili adhuhuri.
Niliporudi kilikuwa kimeinama
kama mtu aliyepokea habari mbaya akiwa ameketi.
Kumbe plastiki ile ni ya vidoli.
Nikanunua uzi mwingine, mkaidi,
unaonuka sufuria iliyoungua.

Betri ni za pikipiki za umeme zilizostaafu.
Seli mia mbili na kumi, nimezipima moja moja,
nikaziandika kwa wino mzito:
hai, hai, mgonjwa, hai, marehemu.
Rafadha ameichonga Obiero, fundi wa vitanda;
kwa wiki nzima aliiita mwiko.
Mwavuli ni wa mtumba, rangi ya papai,
una kiraka alichoshona Syombua
kwa cherehani ya kushonea mahema.
Aliuliza mara moja tu:
"Hiki kikifumuka, utaanguka kutoka wapi?"
Nikamwonyesha dari.
Akafumua mshono wote, akaanza upya.

Na wewe, kipande cha kumi na saba,
unatosha kiganjani, uzito wa mandazi mawili,
ndiwe unayeshika mota isitoke
ikatangulia mbinguni bila mimi.

Ruai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi.
Umande. Ng'ombe watatu wasio na maoni.
Kerubo ameshika kamba na kizimamoto,
amenikataza kusema "kwaheri".
Nikabonyeza.
Haikunguruma; ilivuma kama feni ya hoteli,
na mgongoni mtu fulani akanisukuma
kama wanavyosukuma gari lililogoma.
Nikakimbia. Nilihesabu hatua.
Ya kumi ilikuwa nzito, ya kumi na moja nusu,
ya kumi na mbili haikukuta ardhi.

Sikuona mengi.
Matangi ya maji, meusi, yamefunikwa vizuri.
Mwanamke anaanika shuka,
kibanio mdomoni, kichwa juu,
hakukitoa hata kuniuliza.
Kivuli changu kikipita juu ya sukuma wiki za watu.
Dakika nne. Labda tatu;
Kerubo anasema tatu na ushee.

Nilitua kwa magoti, kwenye tope.
Sikujipapasa mwili.
Nilipinda mkono nyuma nikakutafuta kwa kidole,
nikakupata ungali moto,
na ubavuni ufa mmoja, mwembamba,
mwembamba kuliko unywele wa mtoto.

"Kimeshika?" Kerubo anapiga kelele, anakuja mbio,
kizimamoto kikimgonga goti.

Kimeshika, nikasema.
Na kabla sijavua kofia,
kwa vidole vya tope,
nikanunua tokeni.