Robo Tatu ya Mzunguko

Degerby, Oktoba. Kesho winchi itatuinua,
mashua ilale nchi kavu hadi barafu iyeyuke.
Leo, oili.

Nimeiwasha injini dakika kumi ipate joto,
maana oili baridi ni kaidi, haitoki na uchafu wake.
Kisha nimeizima, na ukimya ukashuka ngazi
ukaketi kando ya Ingmar,
aliyekaa hapo tangu asubuhi,
mkono wa kulia ukipepeta nafaka isiyokuwepo.

Miaka ishirini na sita kazi hii ilikuwa yake.
Yangu ilikuwa kahawa, na kusema: umechafua tena zulia.

Filta iko nyuma kabisa, chini ya bomba la maji ya chumvi,
ilikowekwa na mtu asiyewahi kuwa na bega.
Nalala kifudifudi, shavu juu ya ubao,
pua ndani ya ngama inayonuka yai na dizeli.
Ukanda wateleza. Filta haitikisiki.
"Kushoto," asema. Najua kushoto.
"Pete," asema.
Naivua, naiweka kwenye kisosi cha skrubu.
Ukanda, tena. Natukana kwa Kifini,
lugha tunayoitunza kwa ajili ya injini na kodi.
Ndipo kitu kinakubali, kama jino la mtoto,
na weusi wanitiririka hadi kiwikoni,
vuguvugu, mpole kiasi.

"Pete," asema tena.
"Nimeshavua!"
Kichwa chatikisika, sijui ni hasira au ni ugonjwa.
"Ya mpira. Ya zamani."

Napapasa. Kweli, imebaki kule juu,
bapa, ngumu, imegandamana na chuma,
haijui kwamba filta yake imekwenda.
Ningefunga mpya juu yake
zingeshikana siku mbili tatu, kisha oili yote ingetapikwa
katikati ya mkondo, meli ya abiria ikitujia.
Naibandua kwa ukucha.

Pete mpya naipaka oili kama alivyokuwa akiipaka:
kidole kimoja, duara moja, bila pupa.
Nafunga hadi iguse. Halafu robo tatu ya mzunguko,
kwa mkono mtupu.
"Nikaze na spana?" namchokoza.
"Kaza. Mwakani utanitukana mimi."
Mwakani. Amelitamka kama anayetaja duka la jirani.

Injini yanguruma. Namulika tochi: pakavu.

Ndani ya mfuniko ziko tarehe zake, kwa kalamu ya wino mzito,
saa za injini, na neno moja la hali ya hewa.
Za juu ni pana kama milango ya ghala.
Kila mwaka zimepungua, zimeinama;
ya mwaka jana ni sisimizi walioshikana mstari,
yanidai miwani.

Naandika chini yake: siku, saa 2,114 za injini, ukungu.
Anavuta shingo asome.

"Herufi kubwa mno," asema.
"Nafasi itatuishia."