Jino la Tano

Baba alituachia keri nyeupe yenye kutu milangoni,
deni dogo la duka kwa Bwana Njuma,
na jiwe.

Jiwe la pwani, ubavu mmoja umelika mviringo
kwa kuegemewa na tairi miaka kumi na tisa.
Kila akisimama mteremkoni Mkoani,
juu kidogo ya geti la bandari,
huivuta breki ya mkono kwa mikono miwili
kisha huniambia: "Shuka, tia jiwe."
Nashuka. Natia.
Sikuwahi kumuuliza
gari lenye breki lina haja gani na mtoto na jiwe.

Leo nahesabu.
"Vuta taratibu," asema fundi Riziki Faki,
ovaroli juu ya dera, ushungi kaufunga kisogoni.
"Kila jino likilia, litaje."
Tak. Moja. Tak. Mbili.
Nafika kumi na matatu, mkono umesimama wima
kama mwanafunzi anayeomba ruhusa ya chooni.

"Kaza waya tu," namwambia. Nina safari.
Anacheka puani.
"Wote mnakuja na neno hilo hilo.
Waya tutauhoji mwisho."

Akaangaza macho, akatafuta cha kuzuilia gurudumu la mbele,
akaliona jiwe la baba.
Akalitia.
Nikatazama pembeni.

Jeki. Nati za gurudumu la nyuma, moja imekataa,
ikapigwa, ikakubali.
Dramu likatoka na vumbi jeusi;
nikainama nilipulize, akanishika bega:
"Hilo si la kifuani mwako." Akaliosha kwa maji.
Viatu vya breki bado vina nyama.
Kumbe viko mbali na dramu,
mbali kama ndugu waliogombania shamba,
na kile kigurudumu chenye meno
ambacho kazi yake ni kuvisogeza
kimeganda kwa kutu na chumvi
tangu sijui lini.

Matone ya mafuta. Tukangoja.
Akaning'oneza, sijui kwa nini, labda kwa ajili ya chuma:
"Sasa hivi."
Bisibisi ikasukuma jino moja.
Dramu likarudi. Gurudumu likazungushwa: kimya.
Jino jingine. Kimya.
Jingine, jingine, mpaka tukasikia
kwaruu,
sauti ya mtu anayeburura ndara usiku asiamshe watu.
"Haya, rudisha kidogo," akajiambia mwenyewe.
Akahamia upande wa pili. Nikakanyaga breki, nikaachia,
nikakanyaga.

Nikahesabu tena: tisa.
Hapo ndipo alipoingia uvunguni na spana namba kumi na mbili,
akamhoji waya.
Robo mzunguko. Vuta. Saba.
Robo. Vuta. Sita.
Nusu ya robo.
Tano.

"Ongeza," nikasema. "Nataka lishike jino la pili."
Kichwa kikatokeza, shavu lina grisi.
"Ili kesho urudi kwangu unanuka moshi?"
Akaushusha mkono chini, akayazungusha magurudumu ya nyuma
kwa kidole kimoja. Yakaenda.
Akaifunga nati kwa nati mwenzake.
Basi.

Tukateremka hadi pale pale,
juu kidogo ya geti.
Meno matano. Nikaondoa mguu.
Bahari mbele, mzigo wa makonyo nyuma,
na keri imekaa
kama imekatazwa.
Goti langu likawa linacheza.
Nikangoja sauti ambayo miezi minane haijasema kitu.

Nikashuka.
Riziki aliniona kwenye kioo, nimechutama,
jiwe mikononi.
Hakuuliza. Alikuwa anahesabu chenji,
akaanza upya kuihesabu.

Nikaliweka mahali pake, ubavu ulolika juu.
Tairi halikuligusa.
Katikati pakabaki nafasi ya kidole,
na sisimizi mmoja akapita humo,
ana haraka zake.