Mbeba Mlango

Ule mchezo haukupendwa na mtu.
Kwa Byamungu, pale Nyamugo, juu ya mtaro,
faranga mia mbili zilikununulia nusu saa
na vijana wote walinunua mpira:
mabao, kelele, jasho kwenye vibonyezo.
Sahani yake ilikaa chini ya mguu wa meza
ili televisheni isiyumbe.

Nikaiomba. Byamungu akacheka.
"Ya Kijapani hiyo, nani ataisoma?
Humo watu wanatembea tu."

Kweli, wanatembea tu.
Mwanamke mmoja, mgongoni mlango wa mbao,
mlango mzima, na bawaba zake na kitasa,
anapanda milima ya nchi nisiyoijua jina.
Akifika penye ukuta wowote anautua,
anausimamisha, anagonga,
na kijiji kinafunguka upande wa pili:
kuna supu, kuna mtu anayenoa visu,
kuna maandishi kama nyayo za kuku kwenye majivu.
Sikuyajua, basi niliyasema mwenyewe:
"Karibu, mama. Umechelewa. Mvua imekukuta wapi?"

Upanga anao.
Miezi mitatu nilikaa naye, akauchomoa mara nne,
moja ikiwa ya kukata kitunguu.

Halafu ule mlima.
Wiki sita ulinishinda.
Namsukuma mbele, pumzi inamwishia,
goti linagusa theluji, kioo kinakuwa cheupe,
na mia mbili zangu zimekwenda.

Jioni moja mama alikuja kunitafuta
akitokea Muhanzi, kubeba unga wa mihogo tangu alfajiri,
alama ya mkanda ingali imelala kwenye paji la uso
kama mstari chini ya neno.
Nilijua ni fimbo.
Alisimama pale, akatazama.
Hakuuliza ni mchezo gani.
Aliuliza: "Anambebea nani?"
Kisha: "Wanamlipa ngapi?"
Kisha akamsogeza kijana mmoja kwa nyonga, akaketi:

"Wewe mtoto, unamuua.
Nani anapanda wima na mzigo?
Mpeleke mshazari. Kushoto, halafu kulia,
kama unashona.
Pale kwenye jiwe aegemee tu.
Akikaa, hatainuka."

Kushoto. Kulia. Jiwe.
Kushoto.
Wa mpira wakaacha mpira.
Byamungu alisahau kutazama saa yake,
jambo ambalo halikuwahi kutokea wala halikutokea tena.
Kileleni upepo ukakatika,
ikaja filimbi moja, nyembamba,
na mama akashusha mabega,
yeye, si yule wa kwenye kioo,
akasema polepole: "Eh, M'Zihalirwa."

Sikuuliza ni jina la nani.
Ndilo lake mpaka leo.

Sasa natengeneza simu kando ya barabara ya Industrielle.
Mwaka jana niliupata tena mchezo, safari hii kwa Kifaransa,
nikaambiwa uliuzwa kidogo, ukasahaulika,
na waliouonja waliulaumu kwa uzito.
Sawa. Hao hawajawahi kutoka ziwani
na gunia, mpaka soko la Kadutu, mvua ikinyesha.
Nikasoma mistari mitatu ya mwanzo.
Eti anaitwa jina jingine, eti mlango ni wa
hapo nikaacha.
Nikarudisha ile ya nyayo za kuku.

Mama magoti yamekataa. Anachambua sambaza kwenye ungo,
mimi nina kisimu chenye ufa, umeme ukiwepo,
na sijaumaliza. Umebaki mlango mmoja,
nausogelea, natafuta sababu, narudi kijijini
kwa yule anayenoa visu.

"Amefika?" mama anauliza bila kuinua macho.
"Bado."
"Mwache aegemee, basi."